Kontena la Kigali au Bujumbura likishuka Dar: lori, reli ya zamani, au SGR hadi Ihumwa?

Mfanyabiashara wa Kigali, Gitega au Bukavu anapoambiwa meli yake imefunga gati Dar es Salaam, kazi ngumu kwake ndiyo inaanza. Kutoka bandarini hadi daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ni kilomita 1,320 hivi kwa barabara, na Kigali yenyewe iko karibu kilomita 1,500. Haki ya nchi isiyo na bahari kupitisha mizigo yake kwa jirani ipo, imeandikwa katika ibara ya 125 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Lakini haki hiyo haimlipi dereva wala hainyanyui kontena. Anayelipa ni mwenye mzigo, na baada yake ni mama anayenunua sukari na mafuta ya kupikia sokoni Ngozi au Kibungo.

Sisi wa Dodoma tumekaa katikati ya njia hiyo. Lami inapita kwetu, reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1910 inapita kwetu, na sasa SGR, reli mpya ya umeme, nayo imefika, na mizigo yake inashukia Ihumwa, hapahapa Dodoma. Kwa hiyo swali la ipi kati ya hizi tatu inafaa linaulizwa kila siku, na wenye mizigo wa nchi jirani na hata na wenye malori wa hapa mjini. Nitazilinganisha kama zinavyofanya kazi na nitasema wazi ninakoegemea. Vipimo vyangu ni viwili. Kontena litanyanyuliwa mara ngapi mpaka lifike? Na je, unaweza kumtajia mteja wako siku ya kufika kwa mzigo, ukaisimamia? Bei naiangalia baada ya hayo, kwa sababu bei nzuri ya kusafirisha huliwa upesi sana na siku za kusubiri.

Lori kutoka Dar moja kwa moja

Hii ndiyo njia ya wengi na wana sababu zao. Kontena linanyanyuliwa mara mbili tu: linapopandishwa kwenye tela Dar na linaposhushwa mwisho wa safari, tuseme bandari kavu ya Masaka pale Kigali. Katikati hapo hakuna anayeligusa. Sili ya kampuni ya meli na kifaa cha forodha cha kufuatilia mzigo vinabaki mlangoni vilevile vilivyofungwa. Kifaa hicho kinaonyesha lori lilipo, na likichepuka nje ya njia iliyoruhusiwa au mlango ukiguswa, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, wanajua. Wapo madereva wanaokiona kero. Mimi nakiona ni kinga ya mwenye mzigo, maana zamani kontena la transiti, yaani la mzigo unaopita tu nchini kwenda nje, lilikuwa likiweza kupotelea njiani na asiwepo wa kusema limepotelea wapi.

Njia yenyewe ni Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Kahama, Lusahunga, halafu Rusumo. Dereva anayetembea mchana na kulala usiku hufika mpakani siku ya nne kama gari halijasumbua. Mpaka ni mmoja. Tangu 2016 Rusumo ina kituo cha pamoja, ambapo lori linasimama mara moja na maofisa wa nchi zote mbili wanamaliza kazi yao mahali pamoja. Anayepitia Mombasa kwenda Kigali anavuka mipaka miwili, kuingia Uganda na kutoka, na Wanyarwanda hawajasahau kwamba mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Kwa Rwanda, kuwa na njia ya Dar inayofanya kazi ni suala la usalama wa taifa kabla halijawa suala la bei.

Halafu kuna Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2014. Mzigo unaokwenda kutumika Rwanda, Burundi au Uganda unatolewa tamko na kulipiwa kodi ya nchi unakokwenda kabla haujaondoka Dar. Utaratibu huu umeondoa foleni kubwa mpakani, ila umehamishia uzito kwa mwenye mzigo. Usipolipa mapema kule kwako, lori halitoki huku. Siku nyingi ambazo watu huilaumu bandari zimelala kwenye meza ya ofisi ya mwenye mzigo mwenyewe, au ya wakala wake.

Ugumu wa lori uko kwenye mizani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi huumia bila kujua kwa nini. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla ni tani 50 kwa lori la ekseli sita, na la ekseli saba halizidi tani 56. Ukitoa uzito wa kichwa, wa tela na wa kontena tupu, lori la ekseli sita linabaki na nafasi ya tani 28 hivi za mzigo.

Lakini mizani haisomi jumla peke yake. Chukua kontena la futi 40 lililopakiwa vigae na vitambaa. Aliyelipakia Guangzhou hajawahi kusikia jina la Vigwaza, mizani ya kwanza ukitoka Dar. Amejaza vitambaa mbele kwanza, vigae akavimalizia mlangoni. Jumla inasoma tani 47, salama kabisa, lakini ekseli tatu za tela zinasoma 26. Gari limezidi. Dawa ya kawaida ni kusogeza mzigo ndani, nawe huwezi kufungua kontena lenye sili ya forodha bila ofisa wa TRA kuwepo, bila vibarua, bila sili mpya na karatasi zake. Siku moja imeondoka, pengine mbili, na faini juu. Ndiyo maana dereva akimpigia tajiri wake simu siku ya kwanza, salamu zikiisha neno linalofuata ni "Bosi, nimepita Vigwaza." Mizani zinazofuata, Nala hapa kwetu na Njuki kule Singida, huwa zinathibitisha tu kilichosomwa pale. Kama unaagiza vitu vizito, mtumie muuzaji wako mpango wa upakiaji kabla hajafunga mlango wa kontena: vizito vienee sakafuni urefu wote, visirundikwe mwishoni.

Barabara nayo ina yake. Mlima Sekenke, kati ya Singida na Igunga, unataka dereva mwenye breki nzima na kichwa kilichotulia. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, kimechosha magari kwa miaka na kimekuwa kwenye ukarabati. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara pale darajani Dumila, na Dodoma na nchi zote zilizo nyuma yetu zikatengana na Morogoro.

Kuhusu bei, jambo moja lieleweke. Nauli ya kwenda Kigali imebeba ndani yake safari ya kurudi. Rwanda na Burundi zinaingiza mizigo mingi kuliko zinayotoa, kwa hiyo malori mengi yanarudi matupu, na mwenye lori hana namna isipokuwa kumlipisha wa kwenda. Kama una kahawa, chai au madini ya kurudisha Dar, sema mapema. Hapo ndipo penye punguzo la kweli. Kubembelezana juu ya nauli ya kwenda peke yake hakukufikishi mbali.

Reli ya zamani hadi Isaka

Kutoka Dar hadi Isaka, kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza, ni kilomita 970 hivi kwa reli. Isaka ina bandari kavu, na kutoka pale lori linabakiwa na kama kilomita 350 kufika Rusumo. Kwenye karatasi hakuna kinachoshinda hesabu hiyo: karibu robo tatu ya safari umeimaliza juu ya chuma, hukugusa mizani hata moja, na behewa moja linabeba tani 40 hivi. Saruji, nondo, mbolea, ngano ya msaada, vitu vizito visivyo na haraka, vilizaliwa kusafiri hivi.

Kontena linanyanyuliwa mara tatu: Dar, Isaka, na mwisho wa safari. Mara nne, kama pale Isaka litawekwa chini kungojea lori.

Tatizo liko kwenye kipimo changu cha pili. Njia hii ina upana wa mita moja, imejengwa kuanzia 1905, na kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa, inafuata bonde la mito Mkondoa na Kinyasungwe. Mvua ikinyesha sana milimani, mto unachukua tuta. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata njia ikakaa miezi bila treni kupita, na kipande hichohicho kimesumbua tena misimu mingine. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kukarabati njia kutoka Dar hadi Isaka, madaraja yakaimarishwa na reli zikabadilishwa, na hali leo ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo bonde ni lilelile na mto ni uleule.

Jambo la pili ni mabehewa na vichwa. Mtu mwenye makontena mawili anasubiri mpaka treni ijae. Mwenye makontena arobaini anapata treni yake, inakwenda moja kwa moja, na kwake reli hii inalipa hasa. Kwa hiyo kama wewe ni mdogo, usiiendee reli peke yako. Tafuteni wenzenu mnaoagiza bidhaa za aina moja, mkubaliane na wakala mmoja, mpeleke mzigo wa pamoja. Waagizaji wa mbolea wanaweza kufanya hivyo kirahisi, kwa kuwa msimu wao ni mmoja na mifuko ni ileile.

SGR na swali la Ihumwa

Abiria walianza kupanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma Julai 2024, na mwezi Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Mizigo ilifuata mwaka uliofuata: Julai 31, 2025 alizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, pamoja na safari za treni za mizigo za SGR. Upande wa Dodoma, mzigo unashukia Ihumwa.

Reli hii imejengwa kwa kiwango kingine kabisa. Upana wake ni milimita 1,435, na treni ya mizigo imekusudiwa kwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Pale Kilosa imetobolewa mahandaki manne ili iachane na bonde la mafuriko, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko mwendo wake. Treni inayokwenda polepole lakini inafika kila siku mvua au jua ina thamani kubwa kwa mtu wa Kigali kuliko treni ya kasi inayokatika Machi. SGR imetupa nafasi ya kupata vyote viwili.

Sasa, je, kontena la Kigali lipande SGR hadi Ihumwa, kisha lori? Kuna watu wanalipigia debe jambo hili kwa sauti kubwa, na kama mkazi wa Dodoma ningependa sana iwe ndiyo. Lakini mwenye mzigo anastahili kuambiwa ukweli. Ihumwa inakupunguzia kilomita 450 hivi za barabara, yaani theluthi moja ya njia ya Rusumo. Zinabaki kama 870 juu ya matairi. Sheria ya ekseli inakungoja palepale Nala, kilomita chache tu upande wa pili wa mji. Na umeongeza mkono mmoja, yaani kontena kunyanyuliwa mara moja zaidi.

Huo mkono mmoja unaweza kugeuka miwili kwa urahisi. Fikiria treni imeingia Ihumwa na makontena 40, na malori yaliyo tayari ni 10. Kumi yanatoka behewani moja kwa moja kwenda kwenye tela. Thelathini yanawekwa chini. Kesho na keshokutwa yananyanyuliwa tena, kila kunyanyua kuna malipo, kila siku ya kulala yadini ina malipo, na kila mara chuma cha kunyanyulia kinapolishika kontena kuna nafasi ya kulibonyeza ubavu. Mwenye mzigo wa vioo au wa mashine anajua ninachosema. Kwa hiyo mafanikio ya Ihumwa kwa mzigo wa nje hayaamuliwi na mwendo wa treni. Yanaamuliwa na kama malori yamejipanga kuipokea siku na saa inapoingia, na hilo linataka ratiba ya treni za mizigo inayotangazwa na kufuatwa, kama ya abiria ilivyo.

Wakenya wametutangulia kwenye jambo hili na hatuna sababu ya kurudia maumivu yao. SGR yao ya kutoka Mombasa ilifika eneo la Naivasha mwaka 2019 ikasimama hapo, katikati ya njia ya kwenda Uganda. Serikali ikatumia amri kupeleka mizigo kwenye reli, wenye mizigo na wenye malori wakalalamika juu ya gharama za kubadilisha usafiri njiani, na mwaka 2022 Rais Ruto alipoingia madarakani akaondoa ulazima huo. Reli haikuwa mbaya. Ilikuwa haijafika pale ambapo ingeleta faida, na mfanyabiashara akalazimishwa kulipia upungufu huo. Naomba sana, kwa heshima zote kwa wanaopanga mambo haya, mzigo wa jirani zetu usije ukalazimishwa kushukia mahali fulani kwa amri. Uvutwe kwa huduma.

Kuna hali ambazo hata leo ningesema panda SGR hadi Ihumwa bila kusita. Mzigo unaoishia Dodoma, Singida au hata Tabora ni mmojawapo, huo haujadiliki. Pia mzigo wa nje ulio mwingi kwa pamoja, wenye malori yake yaliyokodiwa yakiwa na makao hapahapa Dodoma. Lori linaloanzia Ihumwa halishuki Dar kabisa, halikai foleni ya Kibaha na Mlandizi, na kwa mwezi linaweza kupata safari ya ziada kwenda Rusumo. Mwenye lori akipata safari ya ziada, ana pa kupunguzia nauli. Barabara ya mzunguko ya nje ya jiji, kilomita 112.3 zinazojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kupitia Mtumba, Ihumwa, Matumbulu, Nala na Veyula, itamtoa dereva yadini hadi njia ya Singida bila kupita katikati ya mji. Kwa mwenye lori wa Dodoma anayejiuliza aweke wapi yadi au gereji yake, jibu langu ni kwenye mzunguko huo, upande wa Ihumwa.

Kwala sitaizungumzia sana. Ni kilomita chache kutoka bandarini ukilinganisha na safari nzima, ila Rwanda, Burundi, Kongo na nchi nyingine zimepewa maeneo pale. Nchi yako ikiwa na yadi yake inayofanya kazi, na wakala wako akiwa pale, lori linachukua mzigo bila kuingia Dar, na hiyo peke yake ni nafuu kwa kampuni yenye magari mengi.

Hesabu yote hii itabadilika reli itakapopita Makutupora. Hapa niwatahadharishe wageni: Makutupora ya SGR iko Manyoni, mkoani Singida, si ile Makutupora ya Dodoma mjini. Kipande cha Makutupora hadi Tabora na cha Tabora hadi Isaka bado vinajengwa. Siku treni ya umeme itakapofika Isaka, Ihumwa itabaki kituo cha mzigo wa kanda ya kati, nayo Isaka ndiyo itakuwa mlango wa Rwanda, maana utakuwa umepata kilomita za reli ya zamani pamoja na uhakika wa reli mpya. Makubaliano ya kuiendeleza reli kutoka Isaka hadi Kigali yalifikiwa mwaka 2018. Bado haijajengwa, kwa hiyo usiiweke kwenye mipango yako ya biashara ya sasa.

Burundi, Kongo na Uganda

Kwa Gitega, Muyinga na kaskazini ya Burundi, lori kupitia Kabanga na Kobero ndilo chaguo langu, kwa sababu zilezile nilizoeleza juu ya Rusumo. Bujumbura ni habari nyingine. Reli ya zamani inafika Kigoma tangu 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar, na pale mzigo unapanda meli au tishari kwenda Bujumbura, au Kalemie na Uvira za Kongo. Saruji na vyakula vya magunia vimepita hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Ukitaka kupeleka mzigo mzito Kalemie, usipoteze muda kulinganisha, Kigoma ndiyo njia. Upande wa Goma na Bukavu, tangu miji hiyo ishikwe na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, swali la kwanza ni usalama na nani anapokea mzigo, kabla ya lori au reli. Tena mzigo wa Kongo una taratibu zake za dhamana ya transiti, kwa hiyo wakala asiyewahi kuupitisha asijifunzie kwako.

Burundi ina tumaini lake kubwa pia. Mwaka 2025 mradi wa SGR kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, ulizinduliwa, na Musongati ndiko kwenye nikeli. Madini hayo yakianza kutoka, treni zitakuwa na mzigo wa kurudi, na nauli ya kwenda itashuka hata kwa muuza sabuni wa Gitega ambaye hana habari na nikeli.

Uganda ina mlango wa Mwanza: reli hadi Mwanza Kusini, kisha mabehewa yenyewe yanaingia ndani ya meli ya MV Umoja na kuvuka ziwa hadi bandari ya Port Bell, Kampala. Huduma hiyo ilifufuliwa 2018. Kwa mzigo wa Kampala ni njia ya akiba zaidi kuliko njia kuu.

Ningechagua ipi

Mzigo wa thamani kubwa, wenye kuharibika, au wenye mteja anayesubiri: lori kutoka Dar hadi mlangoni. Vipuri, dawa, vifaa vya umeme, nguo za msimu. Utalipa zaidi kwa tani, lakini kontena litanyanyuliwa mara mbili na utajua liko wapi. Kwa mtu mwenye kontena moja au mawili sioni cha kubishana.

Mzigo mzito, mwingi, usio na haraka: reli ya zamani hadi Isaka, au Kigoma kwa Bujumbura na Kalemie. Agiza mapema ili mzigo usafiri nje ya msimu wa mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili weka akiba ya muda ya kutosha, au hamia kwenye lori miezi hiyo. Mtu wa mbolea ahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda.

SGR hadi Ihumwa kwa mzigo wa Rwanda na Burundi: kwa sasa ni kwa kampuni kubwa yenye makontena mengi kwa mara moja na malori yake Dodoma. Wengine waendelee kuitazama kwa karibu, na waulize kila baada ya miezi kadhaa mambo mawili: treni ya mizigo ina ratiba inayofuatwa, na kampuni yangu ya meli inapokea kontena tupu Ihumwa?

Hilo la kontena tupu ndilo watu wengi hulisahau wanapolinganisha bei. Kontena si lako, ni la kampuni ya meli. Unapewa siku kadhaa bure, kisha kila siku inahesabiwa, mpaka lirudi lilikotakiwa kurudi, na mara nyingi umeweka amana juu yake. Kama mkataba unasema lirudi Dar, basi ukipitisha mzigo kwa reli hadi Isaka au Ihumwa umebakiwa na boksi tupu mamia ya kilomita kutoka Dar, na lori uliloliacha kwa sababu ya bei ndilo utakalolikodi tena kulirudisha. Kwa hiyo kabla ya kusaini, iombe kampuni ya meli ikuandikie kwa maandishi mahali pa kurudishia, siku za bure zinahesabiwa kuanzia lini, na nani analipa usafiri wa kurudi. Wakala akikwambia "hilo tutalimaliza baadaye," kaa naye mlimalize sasa hivi.